Jinsi wanyama wanavyohifadhi joto na kustahimili baridi kali

MSAFIRI anayeamka alfajiri katika kambi ya Shipton, mita 4,200 hivi juu ya usawa wa bahari upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, hukuta maji aliyoyaacha nje yameganda na nyasi zimefunikwa na sakitu. Punde jua linapochomoza, wenyeji wa mahali hapo hujitokeza mmoja mmoja kutoka mianya ya majabali. Ni pimbi, wanyama wanene wasio na mkia, wanaotoshana na sungura. Hawakimbilii malisho. Hujilaza juu ya mawe, wakaupokea mwanga wa jua kwa utulivu kama wazee barazani, na mpaka miili yao ipate joto ndipo wanapoanza kutafuta chakula.

Mlima huu uko karibu kabisa na mstari wa Ikweta, lakini huko juu tofauti iliyopo baina ya mchana na usiku ni kubwa kuliko tofauti ya mwezi mmoja na mwingine. Mnyama wa Ulaya hukabiliana na majira ya baridi mara moja kwa mwaka. Pimbi wa Mlima Kenya hukabiliana na baridi kila usiku, mwaka mzima.

Ajabu ni kwamba pimbi si hodari katika kudhibiti joto la mwili. Likilinganishwa na la wanyama wengi wanaonyonyesha, joto lake hupanda na kushuka kwa urahisi kufuatana na hali ya hewa. Anaishi penye barafu kwa sababu amejua kuazima. Huazima joto la jua asubuhi, huazima kinga ya upepo kutoka mapangoni, na usiku huazima joto la wenzake kwa kulala wakiwa wamebanana. Juu ya hayo, manyoya ya pimbi wa mlimani ni marefu na mazito kuliko ya jamaa zake wa nyanda za chini.

Mfano wa pimbi unatuonyesha jambo ambalo mara nyingi hupuuzwa tunapozungumzia baridi. Ni nadra baridi kumuua mnyama ikiwa peke yake. Humuua mnyama ambaye hazina yake ya joto imekwisha: aliye na njaa, aliyelowa, aliye mchanga mno au aliyetengwa na wenzake.

Mapato na matumizi

Joto la mwili lafaa kutazamwa kama fedha za matumizi ya nyumbani. Chakula ndicho mapato. Kila tonge linalosagwa tumboni na kila msuli unaojongea huzalisha joto. Matumizi nayo ni joto linalopotea kila dakika: kwa kugusana na ardhi au maji baridi, kwa kupeperushwa na upepo, kwa kusambaa hewani kama joto la makaa linavyosambaa, na kwa mvuke wa pumzi na wa ngozi iliyolowa.

Ndege na wanyama wanaonyonyesha wana desturi ya kuweka hesabu hii sawasawa. Joto la binadamu mwenye afya huwa karibu nyuzijoto 37 kwa kipimo cha Selsiasi, la ng'ombe 38.5, la mbuzi na kondoo 39 hivi, na la kuku hufikia 41. Katika ubongo mna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi ambayo hupokea habari kutoka kwenye ngozi na kwenye damu, kisha ikatoa amri: mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi ibanwe, manyoya yasimame, misuli itetemeke. Vimeng'enya vinavyoendesha shughuli za mwili hufanya kazi vyema katika kiwango chembamba sana cha joto, na ndiyo sababu mwili uko tayari kugharimika pakubwa ili kukilinda kiwango hicho.

Shuleni tulifundishwa kwamba wanyama hawa ni wa damu moto, ilhali nyoka, mijusi, vyura na samaki ni wa damu baridi. Majina hayo yanapotosha kidogo. Mjusi aliyeota jua adhuhuri aweza kuwa na damu yenye joto sawa na la mtu anayemtazama. Tofauti ni kwamba joto lake limetoka nje ya mwili wake. Naye fuko uchi, mnyama anayepatikana Kenya, Ethiopia na Somalia, hunyonyesha watoto wake lakini joto la mwili wake huwa karibu nyuzi 32 na hufuata lile la mashimo anamoishi. Kwa kuwa mashimo hayo hayabadiliki sana joto, hana haja ya manyoya wala ya gharama ya kujipasha.

Umbo nalo lina neno

Chai iliyomiminwa kikombeni hupoa upesi kuliko iliyobaki katika sufuria kubwa. Sababu ni kwamba kitu kidogo kina eneo kubwa la nje kikilinganishwa na ujazo wake, na joto hutorokea nje. Mwaka wa 1847, mwanabayolojia Mjerumani Carl Bergmann alieleza kwamba miongoni mwa wanyama wanaohusiana kwa karibu, wale wa nchi za baridi huelekea kuwa na miili mikubwa zaidi. Simbamarara wa Siberia, kwa mfano, ni mkubwa kuliko yule wa Sumatra. Mnamo 1877, Mmarekani Joel Asaph Allen aliongeza kwamba masikio, mikia na miguu ya wanyama wa baridi huelekea kuwa mifupi. Kanuni hizi mbili zina vighairi vingi na si sheria, lakini kuna mfano mmoja unaomridhisha yeyote aliye na macho. Mbweha masikio wa nyika zetu ana masikio makubwa mno, yanayomsaidia kusikia wadudu ardhini na pia kupoza damu. Mbweha wa Aktiki ana masikio madogo ya mviringo, pua fupi, na manyoya mpaka kwenye nyayo.

Mbweha huyo wa Aktiki aliwashangaza wanasayansi Per Scholander na Laurence Irving, ambao mwaka wa 1950 walichapisha matokeo ya utafiti walioufanya Alaska na Panama. Walitaka kujua ni kiwango gani cha baridi kinachomlazimu mnyama kuchoma chakula zaidi ili asipoe. Wanyama wa Panama walianza kugharimika hewa iliposhuka tu chini ya nyuzi 20 na kitu. Mbweha wa Aktiki alitulia hata katika nyuzi 30 chini ya sufuri, asiongeze chochote. Koti lake lilitosha.

Koti lenyewe halitoi joto. Kazi ya manyoya ni kunasa hewa, na hewa iliyotulia ni mkaidi wa kupitisha joto. Ndiyo maana ndege hujifutua wakati wa baridi akaonekana mnene kuliko alivyo: ananasa hewa zaidi. Na ndiyo maana mvua ni adui mkubwa kuliko baridi kavu. Maji huondoa joto mwilini upesi kuliko hewa kwa zaidi ya mara 20, na manyoya yaliyolowa hayana tena hewa ya kunasa.

Nyangumi na sili wameepuka tatizo hilo kwa kuvaa koti lao ndani: tabaka nene la shahamu chini ya ngozi. Fisi maji wa bahari ya Pasifiki ya kaskazini hana shahamu. Yeye hutegemea manyoya mazito kuliko ya mnyama mwingine yeyote duniani, pamoja na ulaji usio wa kawaida, kwani kila siku hula chakula chenye uzito wa karibu robo ya mwili wake. Udhaifu wa mpango huo ulidhihirika Machi 1989, wakati meli ya Exxon Valdez ilipokwama pwani ya Alaska na kumwaga mafuta baharini. Mafuta yaligandisha manyoya, hewa ikatoka, maji yakaingia. Mamia ya mizoga ya fisi maji iliokotwa, na wengi wengine walizama bila kuonekana. Sumu ya mafuta ilichangia, lakini wengi waliangamizwa na baridi ya bahari ile ile waliyozaliwa ndani yake.

Kuna swali ambalo watoto huuliza na wazazi hushindwa kulijibu: mbona bata husimama juu ya barafu bila miguu yake kuganda, ilhali miguu haina manyoya? Jibu limo katika mishipa ya damu. Mishipa inayoteremsha damu ya moto kutoka moyoni hupita bega kwa bega na ile inayopandisha damu baridi kutoka nyayoni. Damu inayoshuka humpa jirani yake joto kabla halijafika chini, na damu inayopanda hurudi moyoni ikiwa imekwisha kupashwa. Nyayo hubakiziwa joto kidogo tu, la kuzuia zisigande. Kwato za kulungu wa Aktiki na miguu ya pengwini hufuata mpango huo huo.

Kutetemeka, na kutotetemeka

Kinga ikishindwa kutosha, mwili hulazimika kuzalisha joto zaidi. Njia inayojulikana na wote ni kutetemeka: misuli hujikaza na kujilegeza upesi, isifanye kazi yoyote ila kutoa joto. Ni njia ya gharama na haidumu.

Njia ya pili haionekani. Wanyama wengi wanaonyonyesha huzaliwa na mafuta ya rangi ya hudhurungi, ambayo hayakukusudiwa kuwekwa akiba bali kuchomwa moja kwa moja yawe joto. Watoto wachanga wa binadamu wanayo kati ya mabega na shingoni. Mwanakondoo anayeangushwa ardhini angali amelowa, usiku wa Julai huko Kinangop au Molo, huishi saa zake za kwanza kwa mafuta hayo, na akiba hiyo ni ndogo. Yakiisha kabla hajanyonya, mama kumlamba hakutamwokoa. Dang'a, yaani maziwa ya kwanza, humpa kinga ya maradhi kama wafugaji wengi wanavyojua, lakini vilevile ndiyo kuni za usiku wake wa kwanza.

Nguruwe hana bahati hiyo. Ukoo wake ulipoteza uwezo wa kutumia mafuta ya hudhurungi mamilioni ya miaka iliyopita, na mtoto wake huzaliwa karibu bila manyoya. Hana budi kutetemeka na kujibana na ndugu zake. Mfugaji anayeona watoto wa nguruwe wakilala juu ya mama yao hadi wakalaliwa na kufa asidhani ni upumbavu, wanafuata joto. Taa au kona yenye nyasi kavu kando ya mama huwavuta kutoka mahali pa hatari.

Kubana matumizi

Iwapo mapato hayawezi kuongezwa, sharti matumizi yapunguzwe. Chozi wa milimani, ndege wadogo wanaofyonza utamu wa maua ya mmea wa lobelia juu ya Mlima Kenya, huacha joto la miili yao lishuke usiku ili akiba ya mchana ifike asubuhi. Wenzao wa Amerika ya Kusini wamekwenda mbali zaidi. Mwaka wa 2020, watafiti katika milima ya Andes nchini Peru waliripoti kwamba ndege mmoja mdogo wa jamii ya wavumaji alishusha joto lake hadi nyuzi 3.26 usiku, na kulipopambazuka akajipasha na kuruka zake.

Kindi wa ardhini wa Aktiki hufanya hivyo kwa miezi saba au minane. Mnamo 1989, mtafiti Brian Barnes wa Alaska alionyesha kwamba joto la mwili wa kindi aliyelala hushuka hadi karibu nyuzi 3 chini ya sufuri bila damu yake kuganda. Kila baada ya majuma machache huamka, akajipasha moto kamili kwa muda mfupi, kisha akalala tena. Dubu, ambaye ndiye anayesifiwa zaidi kwa usingizi wa majira ya baridi, hupoa kidogo tu, hadi nyuzi 30 na kitu. Mwili mkubwa kama wake ungechukua muda mrefu mno kupashwa upya.

Kirukanjia wa Ulaya hana nafasi ya kulala, kwa kuwa mwili wake mdogo hauwezi kuweka akiba ya kutosha. Akikosa chakula kwa saa chache hufa. Yeye amechagua njia ambayo bila shaka ndiyo ya ajabu kuliko zote: hujipunguza. Mwanasayansi wa Poland, August Dehnel, aligundua mwaka wa 1949 kwamba fuvu la mnyama huyu husinyaa majira ya baridi yanapokaribia, na ubongo pamoja nalo, kisha hukua tena majira ya kuchipua yanapofika. Ubongo ni kiungo kinachokula sana.

Wengine hawapigani na baridi kamwe. Chura wa misituni wa Marekani na Kanada huacha theluthi mbili hivi za maji ya mwili wake zigande. Moyo husimama na pumzi hukoma. Kabla ya hapo ini lake huwa limejaza damu sukari nyingi, nayo huzuia chembechembe za mwili zisikauke na kupasuka. Joto likirudi, huyeyuka na kwenda zake kutafuta mchumba. Samaki wa bahari ya Antaktika, ambayo maji yake yana joto la karibu nyuzi 1.9 chini ya sufuri, wana protini katika damu inayoshika kila punje ya barafu na kuizuia isikue, jambo lililogunduliwa na Arthur DeVries katika miaka ya 1960.

Joto la jirani

Pengwini mkubwa wa Antaktika, anayeitwa pengwini mfalme mkuu, ndiye ndege wa pekee anayelea yai katikati ya majira ya baridi huko kusini. Jike akishataga huenda baharini kula, na dume hubaki na yai juu ya nyayo zake kwa siku 65 hivi. Ukihesabu siku za uchumba zilizotangulia, huwa amekaa karibu miezi minne bila kula. Hewa yaweza kushuka hadi nyuzi 40 chini ya sufuri, na upepo juu yake. Madume hukusanyika kwa mamia au maelfu wakibanana kifua kwa mgongo, na katikati ya kundi joto hupita nyuzi 30. Hakuna anayeachwa ukingoni milele. Kundi zima hujongea hatua fupi fupi, na walio nje hujikuta ndani. Bila kundi hilo, akiba ya mafuta ya dume mmoja isingefika siku ya yai kuanguliwa.

Ndege huyu aliyeshinda baridi sasa anatishwa na uhaba wa baridi. Vifaranga wake hukulia juu ya barafu ya bahari, na manyoya yao ya utotoni hayazuii maji. Mwaka wa 2022 barafu ya bahari ya Bellingshausen ilivunjika mapema, na kati ya makundi 5 yanayojulikana eneo hilo, 4 yalipoteza vifaranga wote. Waliotumbukia majini walikutana na baridi wakiwa bado hawana koti la kuikabili.

Wafugaji wa Mongolia nao wana neno lao, dzud, kwa majira ya baridi yanayoteketeza mifugo. Majira ya mwaka wa 2009 na 2010 yaliua zaidi ya mifugo milioni 8, na yale ya 2023 na 2024 zaidi ya milioni 7. Baridi kali si kitu kigeni kwa farasi na kondoo wa huko. Kinachowamaliza ni kiangazi kibaya kilichotangulia, malisho yasiyotosha, kisha theluji na barafu kufunika nyasi kidogo zilizosalia. Wanaingia katika baridi wakiwa tayari mifupa mitupu.

Mfugaji wa Marsabit au Samburu hahitaji kufafanuliwa hilo. Baada ya ukame mrefu, mvua aliyoiombea hunyesha usiku, na kukipambazuka akakuta mbuzi na kondoo wamelala wafu kando ya boma. Huenda joto la hewa usiku huo halikushuka hata chini ya nyuzi 15. Lakini mbuzi hana mafuta chini ya ngozi, tumboni hamna majani ya kuchacha na kutoa joto, na manyoya yamelowa chapa. Wataalamu wa mifugo hushauri wanyama dhaifu na wachanga watengewe mahali palipoezekwa na pasipopitisha upepo kabla ya mvua ya kwanza, na wapewe chochote cha kutafuna jioni, kwa kuwa uchachu wa majani tumboni hupasha mwili usiku kucha.

Kwa wafugaji wa kuku wa nyanda za juu, hesabu ni hiyo hiyo kwa kipimo kidogo. Kifaranga wa siku moja hawezi kudhibiti joto la mwili wake. Huanza kuweza anapoota manyoya halisi, baada ya majuma mawili au matatu. Juma la kwanza huhitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha zipunguzwe nyuzi 3 hivi kila juma. Asiye na kipimajoto awatazame vifaranga wenyewe. Wakirundikana chini ya taa na kulia, wanasikia baridi. Wakikimbilia ukutani huku wakihema vinywa wazi, joto limezidi. Wakitawanyika na kula, yote yako sawa. Anayetumia jiko la makaa aache tundu la hewa juu ya ukuta, maana moshi usioonekana umeua vifaranga wengi ambao kifo chao kilisingiziwa baridi. Na maranda yaliyolowa yatolewe siku hiyo hiyo, kabla ya jua kutua.